Mama Aliyeingia Kwenye Picha

Harry Fairfield, mwenye kampuni ya filamu, alitamba kila pembe ya Fort Lee, mji wa watengeneza filamu, kwamba yeye hakuzaliwa na mtu, alijizaa mwenyewe. Aliyasema hayo miguu ikiwa juu ya meza, na waigizaji waliokuwa wakisubiri kazi walicheka, kwa sababu walikuwa wakisubiri kazi. Kwa mchumba wake, Cornelia Thayer, maneno aliyapunguza kidogo: yeye ni yatima, kalelewa na nahodha wa meli. Baba yake Cornelia alikuwa mchungaji, na asingemwoza binti yake kwa Myahudi wa Mtaa wa Rivington. Harusi ilipangwa iwe Juni.

Pesia, mama yake Harry, alikuwa mzima wa afya huko huko Rivington, ng'ambo ya mto. Kila Ijumaa jioni alipika supu ya kuku, akamwekea mwanawe sahani, na kesho yake akaila mwenyewe, imepoa. Miaka ikaenda hivyo.

Jumapili moja ya baridi alikwenda kwenye kibanda cha sinema mtaani kwake kutazama filamu ya mwanawe. Ilikuwa ya wachunga ng'ombe, bila sauti, piano ikipigwa pembeni. Shujaa, jina lake Jack, alikuwa amelala kwenye theluji, shati wazi kifuani. Pesia akatazama weee, akachoka. Akainuka, akaomba njia kwenye magoti ya watu, akaingia ndani ya kile kitambaa cheupe cha picha, akamfunga Jack shali yake shingoni. Mpiga piano hakukosea hata mahali pamoja. Kiti cha Pesia kikakaliwa, maana siku hiyo palijaa.

Hakutoka tena. Akawamo katika kila filamu ya Harry, hata zile zilizokwisha kutumwa Ohio. Jambazi akipigwa risasi, Pesia alimletea chai kwenye glasi. Sherifu akiingia baa, alimkuta mezani ananyonyoa kuku. Wenye majumba ya sinema waliandika kwamba wateja wamempenda bibi yule, eti je, hawezi kusogezwa mbele kidogo?

Harry akamwita Mendel, mkata filamu wake, aliyemjua tangu huko Rivington alipokuwa bado akiitwa Hershel. Akamwambia amkate yule mama. Mendel akamkata. Pesia akahamia vipande vinavyofuata, yeye na kuku wake.

"Bosi," Mendel alisema, "nikiendelea hivi tutabaki na jina la filamu tupu, na yeye kakaa juu yake."

Harry hakuhisi kitu. Aliagiza mabango yamwandike mama kwa jina la Bi. Mary Oakes, akaenda kunyolewa.

Filamu mpya ilipoonyeshwa New York, Cornelia alikaa kulia kwa Harry na Mendel kushoto. Katikati ya mafukuzano ya farasi, Pesia alimweka kuku chini, akafuta mikono kwenye aproni, akatazama moja kwa moja pale alipokaa Harry. Midomo ikacheza. Maandishi yaliyofuata kwenye kitambaa yalisema "KIMBIA, JACK!", lakini mtu aliyelelewa kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Rivington, hakuhitaji maandishi. Mama alikuwa ameuliza: Hershele, mwanangu, umekula?

"Nimekula, mama," Harry akajibu kwa Kiyidi, taratibu, kabla hajajua kwamba amejibu.

Cornelia akageuka, akataka kujua amesema nini, na yule bibi ni nani wake hata amtazame namna ile.

"Mwigizaji tu. Tunamlipa kwa wiki," Harry alisema. "Nimesema piano haisikiki vizuri."

Mendel hakuondoa macho kwenye picha.

"Amemwambia mama yake ameshakula," alisema, kwa Kiingereza kilichonyooka, ili bibie asipitwe. "Na ni uongo. Tumeshinda pamoja tangu asubuhi, hajatia hata tonge mdomoni."