Bibi wa Huku, Bibi wa Kule

Mwalimu wetu wa Kihispania tulimpa jina la Mafua, kwa sababu hajawahi kumaliza sentensi bila kuvuta kamasi. Jioni ile alikuwa akitufundisha kulinganisha vitu. Alinyanyua mkoba wake, akanyanyua na wangu, akatutaka tuseme upi mzito kuliko mwenzake. Mimi nilikuwa nimesimama kutwa nzima nikipiga pasi mashuka ya hoteli, miguu imevimba, na swali langu lilikuwa moja tu, kama inaruhusiwa kuvua viatu.

Sisi tukishasema kuliko, tumemaliza kazi. Wenzetu wanataka kwanza utamke "más" au "menos", kitu kimezidi au kimepungua, ndipo ulete "que". Na vikilingana kuna maneno mengine kabisa. Nilivuruga yote. Nikasema mlango ni mrefu sawasawa kuliko dirisha, Mafua akacheka mpaka akatafuta kitambaa.

Nilivumilia kwa ajili ya mtu mmoja. Binti yangu ameolewa mbali, na mwanawe wa miaka mitano hajui hata neno moja la kwetu. Kila Jumapili tunaonana kwenye simu, binti yangu akiwa katikati, anapeleka maneno yangu na kurudisha ya mtoto. Nimechoka kuongea na mjukuu wangu kwa kupitia mtu. Nilitaka nimtanie mwenyewe, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wake, acheke kwa jambo lililotoka kinywani mwangu.

Basi nikawa najifunzia kazini. Shuka ni zito kuliko foronya. Msimamizi ni mvivu kuliko mimi. Hiyo niliisema mbele yake, kwa sauti, naye akatikisa kichwa akidhani naimba.

Jumapili mzee wangu alikaa kando yangu na shati lililonyooka, utadhani mtoto angemkagua. Mjukuu alipotokea tu, sikumngoja binti yangu.

"Eres más guapo que tu abuelo," nikasema. Wewe ni mzuri kuliko babu yako.

Mtoto akanikodolea macho, halafu akaangua kicheko mpaka akaanguka kwenye kochi. Nilifurahi jamani, nilifurahi hadi machozi yakanilengalenga. Akarudi mbio, akaanza kulipiza: mimi ni mzee kuliko paka wao, babu ana masikio makubwa kuliko sungura. Niliyaelewa yote. Binti yangu alitafsiri moja moja, nami nikawa nangoja amalize ndipo nicheke, nisije nikamnyang'anya kazi yake. Kisha, kwa sauti ileile ya mchezo, mtoto akasema anampenda bibi wa kule kuliko anavyonipenda mimi.

Binti yangu akatafsiri.

"Anasema anakupenda sana, mama."

Sikumkasirikia, wala mtoto sikumkasirikia. Bibi wa kule ndiye anayemwogesha na kumpeleka shule, na ndiye anayeamka akisikia anakohoa. Mimi angenipendea lipi, kichwa kinachoongea ndani ya simu? Hata hivyo iliniuma.

"Mwambie nami nampenda sana," nikasema.

Simu ilipokatika, mzee wangu alikuwa bado anatabasamu. Akanigeukia.

"Ni kweli kasema hivyo? Wewe sasa unakijua Kihispania."

"Ndivyo alivyosema."

Akapiga paja kwa furaha. Akasema kumbe zile jioni hazikwenda bure, na kwamba na yeye anataka kuanza kesho, nimfundishe kidogo kidogo, ili Jumapili moja amsikie mtoto kwa masikio yake mwenyewe.

Nikamwambia Kihispania ni kigumu sana, na mimi nimechoka.