Biskuti za Bruno

Wangare, binti yangu, aliniambia nikae kwake Nakuru mpaka Pasaka, nipate nguvu, halafu nirudi nyumbani kwangu Kabazi. Nguvu gani tena? Niliugua nimonia mara moja tu, nikapona, na yeye akanifungia ndani ya geti kama kuku anayeatamia. Kila nikiuliza nitarudi lini, ananijibu, "Mum, tukiona uko sawa."

Basi nikajikaza kisabuni niwe sawa. Jino la nyuma lilipoanza kuniuma, nikanyamaza. Kitu chochote cha sukari kilinichoma mpaka sikioni, na Wangare, kwa mapenzi yake, kila jioni aliniletea chai na biskuti za krimu, akanisimamia nile. Akigeukia simu tu, namtupia Bruno, mbwa wake, chini ya meza. Tulielewana sana na Bruno. Yeye pia hakuruhusiwa kutoka nje ya geti.

Bruno akaanza kunuka mdomo, kisha akakataa kula. Wangare akamwita daktari wa mifugo, naye daktari akamfungua Bruno mdomo pale kwa veranda. Meno yalikuwa yamejaa ukoga wa kahawia, fizi zinatoka damu, magego mawili yanatikisika.

"Huyu anapewa vitu laini vya sukari," daktari akasema. "Vinanata kwenye meno, ukoga unajaa, fizi zinaharibika. Haya mawili lazima yatoke. Nani humlisha?"

Wangare hakungoja. Alimgeukia Shantel, msichana wake wa kazi. "Si nilikukataza? Panga nguo zako uende."

"Madam, naapa mimi humpa kile chakula cha pakiti peke yake," Shantel akasema, akaanza kulia.

Hasira zilinipanda. Nilimkasirikia Wangare, nikamkasirikia mpaka yule mbwa na mdomo wake, kwa sababu niliona vile wamenibana. Nikinyamaza, mtoto wa watu anafukuzwa bure. Nikisema, Kabazi yangu imeenda na maji.

"Mwache," nikasema. "Ni mimi humpa. Biskuti zako zinaniumiza jino."

"Tangu lini?"

"Tangu Januari."

Nilidhani atafoka. Afadhali angefoka. Alipiga magoti mbele yangu, akanishika shavu polepole, machozi yakimtoka. "Na hukuniambia," akasema. "Mum, ona sasa. Ungekuwa kule peke yako, nani angejua?"

Angekuwa mkali ningepigana naye, maana kupigana nakuweza. Lakini mtu anayekulilia magotini utamsukuma wapi? Nilimwacha anifute uso kama mtoto mchanga.

Alimwomba Shantel msamaha, akamsindikiza daktari hadi getini na kulifunga. Halafu akaingia jikoni, akampigia ndugu yake Muiruri simu. Nilimsikia vizuri.

"Yule mwalimu aliyetaka kukodi nyumba ya mum," alisema, "mwambie ahamie."