Sentensi ya Jaji Rausch

Hata sasa, miaka zaidi ya ishirini tangu astaafu, Verna Stoltz akisikia mtu anaongea harakaharaka vidole vyake huanza kucheza vyenyewe gotini. Alikuwa mwandishi wa hati mkato, mwenye kunasa kila neno la kesi kwa mashine, katika mahakama ya kaunti ya Wexley, jimbo la Ohio, Marekani. Bado anaikumbuka harufu ya nta ya sakafuni, na Jaji Emmett Rausch akimumunya peremende kabla ya kikao.

Anachokikumbuka zaidi ni kesi ya Lester Kolb, majira ya baridi ya mwaka 1971. Kolb alishtakiwa kuchoma ghala la jirani yake, naye hakupanda kizimbani kujitetea. Sheria ilimruhusu kunyamaza, na ilimkataza jaji kuufanya ukimya huo kuwa dalili ya hatia. Lakini siku hiyo jaji alikuwa anaumwa jino, na alipowaelekeza raia kumi na wawili wa baraza, ambao ndio wangeamua kama Kolb ana hatia, likamtoka: "Mtu asiye na hatia angesimama hapa akatueleza."

"Napinga, Mheshimiwa!" wakili wa Kolb aliruka.

"Pingamizi limekataliwa. Kaa chini."

Vidole vya Verna vilishalinasa neno. Jioni Kolb alitiwa hatiani, akapelekwa gerezani.

Wakili akakata rufaa, na Verna akapewa kazi ya kuchapa mwenendo mzima wa kesi. Alijua wale majaji watatu wa rufaa hawataita shahidi wala kumwona Kolb. Watasoma karatasi zake, basi. Alipoifikia ile sentensi aliacha kuchapa. Jaji Rausch ndiye aliyemwajiri akiwa binti wa miaka kumi na tisa, na mumewe alipofariki, jaji na mkewe ndio waliomletea chakula wiki nzima.

Akabisha hodi ofisini kwake. "Mheshimiwa, nimefika pale."

"Pale wapi?"

Akamsomea. Jaji aliivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema."

"Sasa unanisomea ya nini? Kachape, Verna."

Akaenda akachapa, neno kwa neno, machozi yakimlengalenga.

Majira ya kuchipua hukumu ya rufaa ikaja: adhabu imefutwa, kesi isikilizwe upya. Mwendesha mashtaka hakuridhika, akapeleka maombi Columbus, mji mkuu wa jimbo, kwenye Mahakama ya Juu kabisa yenye majaji saba. Wakakataa hata kuisikiliza.

Jaji Rausch alikuja mezani kwa Verna na hukumu mkononi. "Umenimaliza, mama."

"Umejimaliza mwenyewe, Mheshimiwa."

Alicheka hadi akakohoa. Kisha akasema taratibu, "Ungeiruka sentensi ile, ningekufukuza kazi. Na ningekulilia, lakini ningekufukuza."

Kesi ya pili iliendeshwa na jaji kutoka kaunti jirani, na baraza jipya likamwachia Kolb huru. Alipokuwa akitoka alimshikilia Verna mlango, bila kujua ni nani. "Tangulia, mama," alisema, akaenda zake na mkewe.

Rausch alifariki miaka kumi na miwili baadaye. Siku hizi kaunti hiyo hurekodi kesi kwa mashine iliyotundikwa ukutani. Verna alikwenda mara moja kutazama, akakaa benchi la nyuma. Kila kitu kilikwenda vizuri, upesi, pasipo kosa. Akatoka kabla ya mapumziko, akasimama kwenye ngazi akifunga vifungo vya koti, akitamani kumsikia yule mzee akisafisha koo na kusema, "Haya, Bi Verna, uko tayari? Tuendelee."