Bomba la Ukurasa wa Tisa

Ustadhi Twaha, mwalimu wa dini darasa la pili huko Kwaluguru, alifika Korogwe, kwenye semina ya kitabu kipya cha dini, akiwa na hasira. Ukurasa wa tisa wa kitabu hicho uliuliza: "Ukitaka kutawadha, unaanza na nini?" Mwanafunzi wake, Mwanahawa, aliandika: "Naenda lamboni kuchota maji." Mwongozo wa kusahihisha ukasema amekosa, jibu ni kufungua bomba. Bomba! Kwaluguru ipi hiyo yenye bomba?

"Kitabu kimefuata kanuni za ujifunzaji," mwezeshaji wa semina alimjibu akitabasamu. "Mtoto anaanzia kwenye kile anachokijua."

"Anachokijua yeye, au unachokijua wewe?"

Watu wakacheka, mwezeshaji akafungua ukurasa mwingine.

Adhana ya adhuhuri ilipolia walitoka kwenda kutawadha. Mwezeshaji akafungua bomba la uani, likakoroma, likanyamaza. Akalizungusha tena na tena, mikono mikavu, akabaki anaangaza macho.

"Sasa tunafanyaje, ustadhi?"

Twaha akamwekea ndoo tupu miguuni.

"Mto uko kule chini. Yule mtoto mliyempa sifuri asingesimama hapa kuniuliza."