Kinu Kitupu

Du. Du. Du.

Mlio mzito ulipita juu ya ukuta ukamkuta Audace amejinyoosha kwenye kochi, shati la misa bado mwilini.

"Mafundi hao," alinung'unika, akaongeza sauti ya redio.

Mwaka ule mtaa wao wa Cibitoke ulikuwa umeshikwa na homa ya kujenga kuta, na yeye ndiye aliyeianzisha. Wake ulikuwa wa matofali ya saruji, mrefu kuliko mtu, vipande vya chupa juu. Aliuonea fahari kama mtoto wa kwanza. Zamani palikuwa na uzio wa miti ya miyenzi tu, wenye pengo la kutosha mtu kupita na sahani yake mkononi. Upande wa pili waliishi mama Sikuzani na mumewe, mzee Honoré, watu wa Uvira.

Kinu cha mama Sikuzani kilikuwa cha wote. Nyumba zote zilitwanga sombe, majani ya muhogo, pale, na kila mtoto alijua kutofautisha: chenye majani hulia laini, kikipigwa kitupu, kuna mtu anaomba watu. Audace mwenyewe alizaliwa kwa wito huo. Mama yake alipozidiwa na uchungu, kinu kilipigwa, wakaja wanawake tisa, mmoja bado ana povu la sabuni mikononi.

Du. Kimya kirefu. Du.

Mkewe, Nella, alitokea jikoni. "We Audace, mafundi gani wanafanya kazi siku ya Mungu?"

Audace aliruka. Miguu ikampeleka pale palipokuwa na pengo, viganja vyake vikagonga saruji. Ikabidi arudi, atafute ufunguo, afungue kufuli mbili, azunguke nyumba sita.

Mama Sikuzani alikuwa amekaa chini, mchi mapajani. Mlangoni, juu ya mkeka, mzee Honoré alikuwa amefunikwa kitenge mpaka usoni.

"Mama, natafuta gari, tumupeleke..."

"Apana, mwanangu. Amekwisha kwenda." Alisema polepole, kama anayemtuliza mgonjwa. "Alianguka tukitoka kula. Simu imezimika, nikapiga kinu. Yeye ananichekea, anasema: piga tena, yule Audace usingizi wake ni wa kiboko. Nikapiga mpaka mikono ikakataa." Akautazama ukuta. "Si kosa lako. Ukuta unakula sauti."

Mama alikuwa amempa Audace mlango wa kutokea. Kiburi chake chote kilimsukuma apitie hapo, lakini akakataa.

"Apana, mama. Nilisikia. Nilisema ni mafundi, nikaongeza redio."

Mama Sikuzani hakulia. Aligeuza uso tu, akaanza kunyoosha kitenge ambacho hakikuwa na kunjo.

Audace akauchukua mchi. Alikipiga kinu kwa nguvu zote, jasho likachuruzika, viganja vikachubuka. Mtaa mzima ukasikia, na hakuna geti lililofunguliwa. Mahali fulani mtu aliongeza sauti ya muziki.

Alikuja Nella peke yake, anahema, kwa ile njia ndefu.

Audace akauweka mchi chini, akapiga magoti mbele ya mjane.

"Mama Sikuzani, nisikilize. Mzee hatapita kwenye geti lako kama mutu asiye na majirani. Leo, kabla jua halijazama, nauvunja ule ukuta kwa mikono hii. Jeneza lake litapita kwangu. Na siku utapiga tena, mi sitazunguka."