Dau la Apa Burulcha

Mnada ulifunguliwa saa nne asubuhi kwenye kundi la simu la mtaa wao, pale Naryn. Duka moja la mjini lilikuwa limetoa kompyuta mpakato mpya, bei ya kuanzia som elfu tatu. Fedha zote zingeenda kwenye upasuaji wa moyo wa Meerim, binti mdogo wa jirani yao Zuura.

Burulcha, ambaye mtaa mzima ulimwita apa, yaani mama au bibi, na aliyewapikia watoto wa shule ya mtaa kwa miaka thelathini na moja, alikuwa na elfu kumi na mbili ndani ya leso. Mjukuu wake Aizada alisoma uhasibu kwa mtandao, kwenye simu iliyopasuka kioo.

"Weka elfu tatu kwanza," Burulcha alimwambia. "Wakipanda, na sisi tunapanda."

Aizada akaandika: Apa Burulcha, elfu tatu.

Wakangoja hadi chai ikapoa.

"Mtandao umekatika?"

"Haujakatika, apa. Wamesoma wote."

Saa sita msimamizi akaandika: "Imekwenda kwa apa yetu. Nani ampandie dau aliyemlisha?" Ikafuata mioyo myekundu, mistari na mistari.

Burulcha aliona haya, akafurahi. Kisha akakumbuka kwamba wiki iliyopita, kwenye kundi hilohilo, simu kuukuu ilifika elfu kumi na nane.

Alivaa koti akaenda kwa Zuura na leso yote. Zuura alikuwa anamkatia Meerim tufaha vipande vyembamba, maana mtoto alichoka hata kwa kutafuna. Alihesabu elfu tatu, akairudisha leso.

"Chukua zote, mwanangu."

"Usinitie aibuni, apa. Mnada umefungwa. Watasema nimemkamua mzee."

"Nani mwingine aliitaka?"

Zuura alikata kipande kimoja zaidi kabla ya kujibu. "Sagyn, yule wa spea za magari. Alishaniahidi kufika elfu ishirini na tano. Alipoona jina lako akaweka simu chini. Akaniambia, 'Mama yule alikuwa ananiongezea nyama kwenye supu, leo nimnyang'anye kompyuta?'"

Burulcha aliikumbuka nyama ile. Sagyn alikuwa mwembamba, na alikuwa akila huku akiuzungushia mkono bakuli lake.

Kesho yake aliirudisha kompyuta mnadani, akaiacha kwa Zuura.

"Na mimi je, apa?" Aizada aliuliza.

"Wewe una simu. Andika: mimi simo, pandisheni."

Aizada aliandika huku machozi yakimtoka. Siku tatu zikapita bila dau hata moja. Ilikuwa kompyuta ya apa sasa. Nani angeonekana anaitoa nyumbani kwake? Watu waliandika dua, wakamsifu moyo wake, wakamtakia umri mrefu. Sagyn alituma mioyo sita.

Siku ya nne Zuura aliileta mwenyewe, imefungwa kwa kitambaa cheupe, na juu yake bakuli la boorsok, maandazi madogo ya moto aliyokaanga asubuhi hiyo.

"Watu wanakupenda sana, apa."

"Wananipenda," Burulcha alisema. "Ingieni, chai ipo."

Zuura aliingia. Meerim alibaki mlangoni akivua viatu. Kati ya kiatu cha kwanza na cha pili alikaa chini kidogo, akapumzika.