Nafasi ya Kuvimba

Juu ya bendeji iliyozunguka kichwa cha mkewe, mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nene: HAKUNA MFUPA. Seremala aliyasoma maneno yale mara tatu, kama anayehakiki kipimo kabla ya kukata mbao.

Jana asubuhi pikipiki ilimgonga mkewe mbele ya karakana. Aliinuka mwenyewe, akajikung'uta vumbi, akamporomoshea dereva matusi ya kutosha ukoo mzima. Saa mbili baadaye hakujua hata jina lake.

Daktari wa upasuaji aliingia, mwanamke mfupi, macho mekundu kwa uchovu.

"Daktari, mfupa uko wapi?"

"Tumboni mwake. Tumeuhifadhi chini ya ngozi."

"Umefungua, umetoa, hukurudisha?" Sauti ilimpanda. "Mimi fundi, mama. Nikimpelekea mteja kabati bila mlango, atanipiga nalo!"

Muuguzi aliangua kicheko, akakimeza. Daktari hakucheka.

"Mlango wako ukinyeshewa huwaje?"

"Unavimba. Unabana kwenye fremu."

"Ukiulazimisha?"

"Kitapasuka kimoja, mlango au fremu. Ndiyo maana naacha nafasi. Unene wa njiti ya kiberiti."

"Basi ubongo umevimba, na fuvu ni fremu isiyojua kutanuka. Ukikosa pa kwenda, unajinyonga wenyewe. Tumeuachia upande mmoja wazi, tukafunga ngozi tu. Ukinywea, mfupa utarudi."

"Lini?"

"Siwezi kukuahidi siku. Wala siwezi kukuahidi kwamba ataamka alivyokuwa."

Seremala aliitazama mikono ya daktari. Midogo, kucha zimekatwa hadi nyamani. Miaka thelathini aliamini ufundi ni kufunga: kiungo kisichopitisha hata wembe. Kuvunja, mwizi yeyote anaweza. Lakini kukifungua kichwa cha mtu, kukishika kilichomo bila kukiumiza, kisha kuwa na moyo wa kutofunga! Alijiona mwanafunzi wa siku ya kwanza, hajui hata nyundo inashikwaje. Akaona aibu kwa kelele zake.

Alikuja kila siku, akakaa kwenye kiti kilichopwaya mguu. Siku ya nne akakikaza. Alimsimulia mkewe habari za karakana, na za kile kigoda alichokuja kuagiza akiwa msichana. Alikuwa amemwambia "kesho" kwa miezi mitatu, mpaka msichana akasema heri aolewe naye, apate kukilinda kigoda chake kwa karibu. Tangu hapo hakumwita mumewe jina jingine ila hilo.

Siku ya tisa mkewe alifumbua macho. Daktari aliinama.

"Mama, unamjua huyu?"

Macho yalizunguka polepole, yakamfikia seremala, yakakaa. Midomo ilitafuta.

"Kesho," alisema.

Muuguzi alitikisa kichwa kwa huruma. "Bado anachanganya siku."

"Hachanganyi," seremala alisema.

Bendeji ilikuwa imebadilishwa, nyembamba zaidi, maneno yale yameandikwa upya. Pale pasipo mfupa palipanda na kushuka, taratibu, kama utosi wa mtoto mchanga. Mkono wa seremala ulinyanyuka wenyewe kwenda kupagusa. Akayaona yale maandishi, akaurudisha mkono gotini, akaendelea kutazama pakipanda, pakishuka.